Kompyuta ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikaribia kufukuzwa kazi kwa sababu ya mtandao wa kompyuta niliouchora mimi. Naanza na hapo makusudi. Nikianza na nyaya na seva nitajificha ndani yake mpaka mwisho, najijua.

Kazi yangu ni kuchora na kufunga mitandao hapa Kolwezi, kusini mwa Kongo, kwa makampuni yanayoishi pembeni ya migodi: wauza vipuri, wasafirishaji, wakodisha mashine. Migodi mikubwa yenyewe huleta watu wake kutoka mbali. Sisi tunabakiwa na hawa wadogo, ambao kompyuta zao zimejaa vumbi jekundu hata ukizifungua unapiga chafya, na neno la siri la Wi-Fi limeandikwa ukutani kwa kalamu nene, kando ya kalenda ya kanisa. Ukiwauliza kwa nini, wanakuambia: "Ah, ingénieur, kila mutu anauliza, tulichoka kujibu."

Kampuni ninayoizungumzia ilikuwa ya namna hiyo. Iliuza vipuri vya malori na kusafirisha mizigo, na ilikuwa na ofisi na ghala hapa mjini na dépôt, bohari ndogo, kule Dilolo, mpakani na Angola. Mama wa mke wangu alikuwa sekretari wa ofisi ya biashara. Yeye ndiye aliyepiga chapa zile karatasi za bei ambazo kampuni hupeleka migodini ikiomba kazi. Ni mjane, na mshahara ule ndio uliokuwa unalisha nyumba yake yote, pamoja na wajukuu wa ndugu ambao kila mtu huwasahau kwake. Aliposikia patroni, mwenye kampuni, analalamika kwamba kompyuta zinakufa na virusi, hakuniambia mimi. Alimwambia binti yake, naye binti yake akaniambia: "Mama anasema ku kazi yao banatafuta mutu wa rezo, wa mitandao. Uende, lakini usiseme ni yeye alisema."

Hapo lazima nieleze. Jamaa zetu zilitoka Kasai. Babu yangu aliletwa huku kuchimba shaba, babu wa mke wangu vilevile, na ingawa sisi tumezaliwa hapa na Chiluba chetu kimejaa Kiswahili, haya ya ukwe hatukuiacha kwenye treni. Mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali mbele yake, hakai naye benchi moja. Akimwona njiani anasogea pembeni ili apite. Mkiwa na jambo la kusemezana mnatafuta mtu wa katikati, na maneno yanapitia kwake, hata kama mmesimama wote watatu chini ya paa moja. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na neno lake ni haya, lile lile tunalotumia kwa aibu. Wapo vijana siku hizi wanaokaa na mama wakwe zao wakinywa bia na kuchekeana. Mimi si mmoja wao. Baba yangu asingenisamehe, na mama mkwe wangu asingejua aweke wapi macho.

Basi nilikwenda, nikapewa kazi, nikachora. Nilichora vizuri, na silisemi hili kwa kujisifu, nalisema kwa sababu linaniuma. Niliugawa mtandao vyumba vyumba: utawala na hesabu peke yao, ofisi ya biashara peke yake, ghala peke yake, na wageni peke yao kabisa. Dereva anayengojea karatasi zake aliweza kutazama mpira kwenye simu bila kufika hata karibu na hesabu za kampuni. Katikati nikaweka pare-feu, ule ukuta wa moto ambao kazi yake ni kumuuliza kila anayepita: unatoka wapi, unaenda wapi, nani alikuruhusu? Kwenda Dilolo nikatengeneza njia iliyofungwa ndani ya intaneti, ili maneno ya kampuni yasafiri bila kusomwa na watu wa njiani. Na kila Ijumaa nakala ya mafaili yote iliandikwa kwenye diski ambayo baadaye ilichomolewa na kufungiwa kabatini, maana diski isiyochomekwa popote haina mwizi wa mbali.

Kwenda ghalani nilikataa waya wa shaba. Katika mji huu waya wa shaba ukilala nje hauamki. Nikavuta fiber, ambayo ndani yake ni kioo tu, nikaandika juu ya ganda lake kwa herufi kubwa: HAKUNA SHABA HUMU. Mara ya kwanza wezi waliikata ili wahakikishe. Baada ya hapo hawakurudi, na patroni aliwasimulia wageni wake wote habari hiyo huku akinishika bega. Seva nikaiweka kwenye kichumba cha mbao za triplex nilichokitengenezesha ubavuni mwa ofisi yake, kina mlango wa kufuli, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwangu.

Kisha nikawakusanya wafanyakazi wote niwafundishe. Nilivaa koti siku hiyo. Niliwaambia wasifungue barua wasizozijua, wasiandike maneno ya siri ukutani, wasichomeke simu za watoto wao kwenye mashine za kazi. Niliona wananisikiliza kwa adabu tu, kama watu wanavyosikiliza matangazo mwisho wa misa, nikakasirika. Nikasema: "Mujue kitu kimoja. Kuanzia leo mi naona yote. Kila kitu kinapita ku hii rezo, mi nakiona."

Haikuwa kweli. Ninaona mashine gani inaongea na wapi. Barua za watu sikai nikizisoma, na sina hamu nazo. Lakini nilitaka waogope kidogo, na waliogopa. Mama mkwe wangu alikuwa mstari wa nyuma kabisa, uso ameugeuzia dirishani kama inavyopasa. Nilijua yupo kwa sababu ya rangi ya kitambaa chake cha kichwa, si zaidi.

Baada ya mafunzo nilipita mashine kwa mashine. Kila moja ilinibidi nikae na mwenyewe, bega kwa bega, anipe neno lake la zamani, tulibadilishe, niweke kinga, niihamishe kwenye chumba chake kipya. Ndipo nikafika kwenye mlango wa ofisi ya biashara, nikaona kitambaa kile nyuma ya kompyuta, nikasimama.

Sheria ya kazi yangu inasema neno la siri halipitii kwa mtu wa tatu. Sheria ya ukwe inasema hakuna neno linalopita isipokuwa kwa mtu wa tatu. Nilisimama pale na mkoba wangu wa vifaa, mtu mzima mwenye diploma, nikitafuta pa kupita katikati ya hizo mbili. Yeye aliinuka, akapitia mlango wa pili, akaenda kusimama uani kwenye jua ili nipate nafasi. Alinipisha. Lakini mashine aliiacha imefungwa, nami sikuwa na neno la kuifungulia, na kumfuata uani nikamuulize nisingeweza.

Nikafanya kitu ambacho nikikisimulia kwa wenzangu wa kazi wanashika kichwa. Mashine ile niliiacha kama ilivyokuwa, kwenye mtandao wa zamani, haina kinga mpya. Na ili aweze kuendelea kufikia mafaili ya biashara, nikaandika sheria moja fupi kwenye pare-feu: hii ipite popote. Pembeni yake nikaandika: kwa muda.

Ningeweza kumwomba mama wa kasha, yule mtunza fedha, akae naye. Ningeweza kumwambia patroni alete mtu mwingine afanye ile moja tu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba ingénieur aliyewatisha watu wote na koti lake anamwogopa mama mkwe? Nilisikia haya kwa mama mkwe, kisha nikasikia haya ya kuonekana nina haya. Ile ya kwanza nilifundishwa utotoni. Ya pili ilikuwa majivuno tu.

Miezi ikapita, na "kwa muda" ikakaa palepale.

Asubuhi moja ya masika patroni akanipigia simu. Hakunisalimia. "Ingénieur, kuja. Masini ya commercial zote zimejifunga."

Nilipofika, kila faili la ofisi ya biashara lilikuwa limegeuzwa herufi zisizosomeka, na kwenye vioo vya kompyuta palikuwa na ujumbe wa wezi wakidai walipwe ndipo wafungue. Hesabu zilikuwa salama. Ghala lilikuwa salama, Dilolo hawakujua hata kama kuna jambo. Kuta zangu zote zilishika isipokuwa pale nilipotoboa mwenyewe. Diski ya kabatini ilinirudishia karibu kila kitu, lakini haikuwa na kazi ya siku za karibuni, na kazi ya siku za karibuni ilikuwa zile bei ambazo kampuni ilipaswa kupeleka mgodini kesho yake. Kazi kubwa, iliyongojewa mwaka mzima, ikapotea hivyo.

Patroni alitaka kujua walipitia wapi. Nilitazama, nikamjibu papo hapo kama mashine inavyojibu, bila kufikiri ninamjibu nani juu ya nani. Nilisema: imeanzia kwenye kompyuta ya sekretari. Alifungua barua yenye karatasi iliyoambatanishwa, inaitwa "Matokeo ya vipimo", na ndani mlikuwa na mtego. Nikasema pia, maana aliniuliza kama kuna kingine, kwamba mashine hiyo ilikuwa inaandikiana mara kwa mara na anwani moja ya nje, na kwamba barua hizo zilifutwa kila siku.

Niliyasikia maneno yangu yalipokwisha kutoka. Patroni alikuwa tayari amesimama.

"Kila siku anafuta," alisema. "Mutu anafuta kila siku juu ya nini? Aliuzisha bei yetu, huyu mama."

Aliagiza mama aitwe, tukawa wanne ofisini kwake: yeye nyuma ya meza, chef wa logistique, yaani mkuu wa usafirishaji, Mprotestanti kutoka kaskazini ya Katanga, mama mkwe wangu karibu na mlango, na mimi nimeelekeza macho kwenye rafu ya vipuri vya maonyesho. Sijawahi kukaa naye katika chumba kidogo namna ile. Niliona viatu vyake tu, vya plastiki, amevifuta vumbi.

Nikaanza mimi. Nilisema kosa ni langu, kwamba mashine ile niliiacha nje ya kinga, na kwamba ingekuwa ndani, mtego ule ungekamatwa mlangoni. Patroni akauliza kwa nini niliiacha. Nikasema kwa sababu ni mama mkwe wangu.

"Na?"

"Siwezi kuikala naye."

Alinitazama kwa muda. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, mkewe na mama mkwe wake wanaendesha duka moja, naye hula nao humo. "Ulifunga kampuni muzima," alisema polepole, "ukaacha mulango wazi juu ya haya ya mukwe."

"Patroni, kwao ni vile," chef wa logistique alisema.

"Nilisikia. Yako tutaisema nyuma. Sasa ni mama." Akamgeukia. "Mama, ile bipimo ni ya nani? Na nani alikuwa anakuandikia?"

Viatu vya plastiki vikageukia mlango. Patroni akanigeukia mimi: barua zilizofutwa, naweza kuzirudisha? Naweza. Zilikuwa bado kwenye seva, nyuma ya ukuta ule ule wa triplex, hatua chache kutoka tulipokuwa. Nilidhani mama mkwe ni mgonjwa, ana jambo la mwili wake ambalo mkwe hapaswi kulijua hata kwa ndoto. Nikasema siwezi, zimekwenda. Nilifikiri namwokoa. Kumbe nilikuwa nimemwondolea shahidi pekee aliyekuwa naye ambaye hana mdomo, nikamwacha aseme mwenyewe.

"Basi, mama," patroni akasema, na sauti yake haikuwa mbaya tena, ilikuwa imechoka, na hiyo ilinitisha zaidi. "Usiposema, leo unatoka na haurudi. Na kila mutu wa hapa mujini atajua ulitoka juu ya nini."

Mama mkwe akasema, si kwangu, bali kwa chef wa logistique: "Tata, muambie bwana ya mutoto wangu atoke inje. Akitoka, nitasema."

Chef alinigeukia anipe maneno hayo, kwa heshima yote, kama kwamba sikuwa nimeyasikia. Nikatoka.

Ukumbini wafanyakazi walikuwa wamejipanga wakisikiliza. Wote walinitazama. Sikuweza kupita katikati yao, kwa hiyo nikafungua kile kichumba cha seva, nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu. Nilijiambia nakwenda kutazama mashine. Triplex ni mbao nyembamba, mimi mwenyewe ndiye niliyeinunua, na nilijua ninakwenda kusikia. Ningeweza kupita mbele ya watu wale nikafika uani. Sikufika.

"Ni bipimo ya mutoto wangu," nikamsikia anasema. "Bibi ya huyu mwenye ametoka. Mupaka leo habajapata mutoto. Nilimupeleka ku hôpital, balimupima. Iko muzima. Balimupima tena, iko muzima. Daktari anasema alete bwana yake, na bwana anakatala. Mutu wa labo ya hôpital alikuwa ananiandikia ku masini ya kazi, juu ku telefone ya mutoto bwana yake angeona. Na mi nilikuwa nafuta kila siku, juu huyu bwana njo mwenye rezo. Alisema anaona yote."

Kiti cha patroni kikalia, kisha mama mkwe akaendelea:

"Nilikuwa nangojea karatasi ya mwisho. Ikakuja ile ingine, nikazani njo yenyewe, nikafungula. Njo vile ilikuwa." Akavuta pumzi. "Ni mutoto muzuri, ule mukwe wangu. Musimuambie kama nilisema. Atasikia haya."

Seva ilikuwa inapuliza hewa ya moto miguuni mwangu. Nilitamani ipige kelele zaidi.

Nimekwepa kulisema hili tangu mwanzo, na sasa sina njia. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeoana muda wa kutosha kwa watu kuacha kutania na kuanza kunong'ona. Kwetu, mtoto asipokuja, anayeulizwa ni mwanamke. Dada zangu walimletea mizizi ya kuchemsha. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye sisi tunamwita tata mwanamuke, yaani baba wa kike, na ambaye neno lake katika ukoo wetu halipingwi, alikuwa akimpigia simu kila mwezi kumuuliza kama "bado". Mke wangu alijibu kila mwezi kwamba bado. Alipoanza kuniambia twende hospitali pamoja, nilimwambia mimi ni mzima, sisi kwetu tunazaa, tazama kaka zangu. Basi. Hivyo ndivyo nilivyojipima.

Walipotoka ofisini nilikuwa ukumbini tena, nimeshika bisibisi kama mtu aliyekuwa na kazi. Patroni hakunitazama usoni. Yeye, ambaye angepaswa kunifokea mbele ya watu wote, alitazama sakafu na kusema: "Mama anabakia. We, funga ule mulango leo." Chef wa logistique alinigusa bega akapita. Afadhali angenipiga kofi. Wanaume wale wawili walijua sasa jambo la kitandani kwangu, na walikuwa wananihurumia, na niliwachukia kwa hilo hadi jioni.

Mashine ya mama mkwe niliitengeneza mchana huohuo. Chef alikuja kusimama katikati yetu. Nilimwambia chef, chef akamwambia mama, kwamba aandike mwenyewe neno lake la siri kisha atoke. Nikageukia ukutani. Nilisikia vidole vyake vikitafuta herufi, moja moja. Kisha viatu vya plastiki vikaenda zake, nami nikakaa, nikaweka kinga, nikaihamisha, nikafuta ile sheria ya "kwa muda". Ilikwisha haraka, hata kabla mtu hajamaliza kunywa kikombe cha chai. Ningeweza kufanya hivyo hivyo siku ya kwanza: ningegeukia ukuta tu. Sheria zangu mbili hazikuwa zimegombana hata kidogo. Nilizigombanisha mimi kwa kuogopa kuonekana.

Nilirudi nyumbani jua bado lipo. Mke wangu alikuwa uani mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, moto umeshika, sombe ya majani ya mhogo inachemka. Mama yake alikuwa ameshampigia.

"Ulisikia," alisema. Hakuwa anauliza. Ananijua.

"Nilisikia."

"Mama anazani haukusikia. Umuache azani vile."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kuomba msamaha juu ya kazi ya mama yake, juu ya mashine, juu ya bei zilizopotea. Maneno yaliyotoka yalikuwa mengine kabisa, na yalitoka kwa hasira: "Juu ya nini haukuniambia kama ulipimwa?"

"Nilikuambia." Alikoroga sombe. "Mara ya kwanza ulicheka. Ile ingine ulikamata kofia ukatoka."

Ilikuwa kweli. Nilikumbuka hata kofia yenyewe.

"Na tata mwanamuke yako," aliendelea, bila kupandisha sauti, "akakuja hapa Pasaka, akasema mbele ya batu ya kwenu yote kama mu tumbo yangu muko majiwe. Wewe ulikuwa palepale. Ulikuwa unakula."

"Ulijua kama uko muzima. Ungemujibu."

"Nimujibu nini? Niseme mbele yao kama ni we?" Ndipo akaacha mwiko, akanitazama. "Mama alikubali bamufukuze ku kazi juu usisikie haya. Mi nilikubali banitukane juu usisikie haya. Wewe, ulikubali nini juu yetu?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, nilirudi nyuma mwaka kwa mwaka nikitafuta kitu kimoja nimwonyeshe. Kilichonijia ni ile siku ya Pasaka, samaki kwenye sahani yangu, shangazi anasema maneno yale, na mimi natoa mwiba mdomoni na kuendelea kula. Nilikuwa nimeketi kando ya mwanamke aliyejua jibu na akalimeza ili mimi nimalize chakula changu. Sijawahi kuona haya kama ile. Haya ya mbele ya patroni ilikuwa mchezo.

Nikachukua simu nikampigia shangazi. Niliweka sauti kubwa, mke wangu asikie.

"Eh, mutoto wangu," shangazi alisema, kwa furaha kabisa. "Muko bazima? Na bibi yako, bado?"

"Tata mwanamuke, bibi yangu iko muzima. Balimupima. Mi njo habajanipima, juu nilikatala. Naenda kesho."

Nilisikia redio ya nyumbani kwake, kwaya inaimba.

"Iyo maneno haisemwe ku telefone," alisema mwishowe, chini chini. "Batu banaweza kusikia."

"Basikie. Ile maneno ulimuambia Pasaka, ilikuwa yangu. Mi nilikuwa pale na sikusema kitu. Nakuomba ukuje umuambie pole, na mi nitaikala hapo naye."

Akasema atafikiri. Akasema mimi nimechoka, nilale, tutaongea. Kisha akakata.

Mke wangu aliipua sombe, akaweka sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu, juu ya makaa, akapuliza moto. Baadaye akaniuliza hospitali wanafungua saa ngapi, nikamwambia sijui, akasema yeye anajua, tutaondoka mapema.